Mkanda mweusi, mtindo mkali na swali lisiloulizwa: wanayotaka kujua wanaojifunza karate na judo

Ukipita jioni karibu na ukumbi ambako watu wanafanya mazoezi ya karate au judo, mara nyingi utakuta vijana wamejazana dirishani wakitazama. Maswali wanayoulizana pale nje hayatofautiani sana na ya wenzao walio ndani. Itachukua miaka mingapi kufika mkanda mweusi? Karate na judo, ipi kali? Ni kweli mwenye mkanda mweusi lazima ajiandikishe polisi? Na je, haya mambo hayana mkono wa nguvu za giza?

Makala haya yanajibu maswali hayo kwa kadiri historia na tafiti zinavyoruhusu. Mwishoni yanafika kwenye swali ambalo ni nadra kulisikia kwa mwanafunzi mpya au kwa mzazi anayemleta mtoto, ingawa kutoliuliza kumewahi kugharimu maisha.

Mkanda mweusi ni nini hasa?

Wengi wanauona mkanda mweusi kama mwisho wa safari: aliyeufunga amehitimu na hana la kujifunza tena. Kwa Kijapani daraja hilo huitwa shodan, na neno lenyewe lina maana ya ngazi ya mwanzo. Aliyefika hapo amejua misingi, kama mtoto aliyemaliza kujifunza herufi na sasa anaweza kufungua kitabu.

Mfumo huu wala si wa kale kama sinema zinavyotuonyesha. Ulianzishwa na mwalimu aitwaye Kano Jigoro, aliyeasisi judo mwaka 1882 mjini Tokyo katika ukumbi alioupa jina la Kodokan. Alikuwa na umri wa miaka 21, na wanafunzi wake wa kwanza hawakufika kumi. Shule za zamani za jujutsu zilimpa mwanafunzi hati ya karatasi ya kukunja baada ya miaka mingi, na kati ya hati moja na nyingine angeweza kukaa muda mrefu bila kujua amefika wapi. Kano, aliyetumia maisha yake katika elimu, alitaka ngazi fupi fupi za kumtia moyo anayejifunza. Mwaka 1883 aliwapandisha wanafunzi wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro, kuwa wa daraja la kwanza. Mkanda mweusi wenyewe ulikuja miaka michache baadaye, kama alama ya kumtambua aliyefika hapo.

Karate iliuazima mfumo huo. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyekwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha sanaa ya kwao, alitoa madaraja yake ya kwanza mwaka 1924. Rangi nyingi za katikati, yaani njano, chungwa, kijani na buluu, zilistawi Ulaya zaidi kuliko Japani. Jina linalotajwa sana hapo ni la Kawaishi Mikinosuke, mwalimu wa judo aliyefika Paris mwaka 1935 na kugundua kwamba wanafunzi wake wa Kifaransa walipenda kuona matunda ya jasho lao mapema. Basi ile hadithi tamu kwamba zamani mkanda mweupe haukufuliwa, ukachafuka mwaka hadi mwaka mpaka ukawa mweusi, haina ushahidi. Waalimu wengi bado wanaisimulia.

Muda wa kufika huko unategemea unapofanyia mazoezi. Anayehudhuria mara mbili au tatu kwa wiki katika klabu nyingi za karate au judo anaweza kuhitaji miaka mitatu hadi mitano. Katika jiu-jitsu ya Brazil, miaka kumi si ajabu. Korea Kusini watoto wengi wa taekwondo hufika daraja la kwanza baada ya mwaka mmoja hivi, na huko hakuna anayeshangaa, kwa kuwa hakuna anayelitazama daraja hilo kama ubingwa.

Kinachozua manung'uniko katika klabu nyingi ni pesa. Hakuna chombo kimoja duniani kinachotoa mikanda yote ya karate. Kila mtindo na kila shirikisho lina mitihani yake, na mwalimu anaweza kujitenga akaanzisha chake. Ada ya mtihani si kosa, maana mtahini anasafiri na vyeti vinachapishwa. Lakini kama mtihani unafanyika kila baada ya miezi miwili, ada inapanda kwa kila rangi, na hakuna mtu aliyewahi kushindwa, una haki ya kuuliza unalipia nini.

Daraja pia limewahi kutumika kumzuia mtu. Fukuda Keiko, mwanamke wa Kijapani aliyefundishwa na Kano mwenyewe, alikaa dani ya tano kwa miaka mingi kwa sababu taratibu za Kodokan hazikumruhusu mwanamke kuvuka hapo. Alipandishwa ya sita mwaka 1972. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 98 na anaishi Marekani, chama cha judo cha nchi hiyo kilimpa dani ya kumi. Alikuwa bado anafundisha. Kwa anayeuliza kama miaka 35 au 40 ni kuchelewa, jibu letu ni huyo bibi.

Mtindo upi ni mkali?

Hakuna ubishi unaopendwa zaidi ya huu, na ubishi wenyewe umelelewa na sinema. Filamu za Bruce Lee, hasa ile ya Enter the Dragon iliyotoka mwaka 1973, muda mfupi baada ya yeye kufariki akiwa na umri wa miaka 32, zilipita katika kumbi za sinema na baadaye vibanda vya video vya Afrika Mashariki na kuacha nyuma vikundi vya vijana wakirusha mateke uwanjani. Huko Wakaliga, Kampala, mapenzi hayo yalizaa studio nzima ya filamu za mapigano zinazotengenezwa kwa bajeti ya mkononi.

Ubishi huo ulijaribiwa hadharani Novemba 1993 mjini Denver, Marekani, katika shindano la kwanza la UFC. Waliitwa wapiganaji wa mitindo mbalimbali: ndondi, karate, sumo, mieleka, mateke ya Kifaransa. Aliyeshinda ni Royce Gracie wa Brazil, mtu mwembamba ukimlinganisha na wenzake, aliyekuwa akiwashika wapinzani, kuwaangusha na kuwabana mpaka wakasalimu amri kwa kupiga kofi sakafuni. Watu wakahitimisha kwamba jiu-jitsu ya Brazil ndiyo kiboko.

Haikuchukua muda mrefu hitimisho hilo likapata nyufa. Wapiganaji wengine walijifunza kujinasua sakafuni, na mwaka 2009 Lyoto Machida, aliyelelewa katika karate na baba yake, akawa bingwa wa uzito wa juu mwepesi wa UFC. Na jiu-jitsu hiyo ya Brazil ni mjukuu wa judo: Maeda Mitsuyo, mwanafunzi wa Kodokan, ndiye aliyeipeleka huko baada ya kufika Brazil mwaka 1914.

Anayetafuta jibu la kweli atazame jinsi watu wanavyofanya mazoezi kabla ya kutazama jina lililoandikwa mlangoni. Kano alisisitiza randori, yaani pambano la mazoezi ambamo mwenzako anakataa kuangushwa na wewe unakataa pia. Mwanafunzi anayepambana hivyo kila wiki anajua anachoweza na asichoweza. Yule anayepiga hewa miaka mitano, na mwenzake akijirusha mwenyewe kila akiguswa, hajui. Hili ni kweli kwa karate, kung fu, judo na mengine yote. Mfululizo wa miondoko unaofanywa peke yako, ule unaoitwa kata, una kazi yake ya kujenga usawa, pumzi na kumbukumbu. Hauwezi tu kufanya kazi ya mpinzani.

Nguvu za giza na suala la kuinama

Katika familia nyingi, za Kiislamu na za Kikristo, mzazi anasita kumruhusu mtoto kwa sababu ameona mtu akivunja matofali kwa kiganja na hakuona maelezo mengine isipokuwa majini. Maelezo yapo. Ubao unaotumika huwa mkavu, mwembamba, na hupigwa kufuata mstari wa nyuzi zake, mahali unapopasuka kwa urahisi. Matofali hupangwa yakiwa na nafasi kati yake, hivyo la kwanza likivunjika linasaidia kuvunja la pili. Mfupa wa mkono wa binadamu unastahimili kishindo kikubwa kuliko zege jembamba, alimradi mkono upige kwa kasi na kwa sehemu sahihi. Anayesita katikati ya pigo ndiye anayevunjika mkono.

Kuinama ni swali zito zaidi. Muumini anayeambiwa ainame mbele ya picha ya mwanzilishi ukutani ana haki ya kuuliza anafanya nini. Kwa Wajapani kuinama ni salamu ya kila siku. Muuza duka humwinamia mteja. Wapo Waislamu na Wakristo wanaoichukua hivyo bila tatizo, na wapo wanaoona kuinama ni kwa Mungu peke yake. Klabu nyingi hukubali mwanafunzi asimame wima na kuweka mkono kifuani, au kuitikia kwa kichwa tu. Mwambie mwalimu siku ya kwanza. Ni maongezi ya dakika mbili.

Kuhusu mavazi, mambo yamebadilika. Katika Olimpiki ya London 2012, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alishiriki judo akiwa amefunika nywele baada ya mabishano makali. Katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, Feryal Abdelaziz wa Misri, akiwa na hijabu, alitwaa dhahabu ya karate na kuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kuwa bingwa wa Olimpiki.

Je, itanisaidia mtaani?

Kwanza ile habari ya polisi. Sheria ya kumwandikisha mwenye mkanda mweusi kama silaha ni hadithi inayosimuliwa karibu kila nchi, pamoja na nyongeza yake kwamba lazima umwonye adui mara tatu kabla ya kumpiga. Kisiwa cha Guam, eneo la Marekani katika Pasifiki, kiliwahi kuwa na sheria ya kuwaandikisha wataalamu wa karate na judo. Huko ni Guam. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kujitetea kwa kutumia nguvu ya kadiri inayohitajika, na anayevuka kadiri hiyo na kusababisha kifo anaweza kukutwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Mahakama haitauliza una mkanda gani kabla ya kuuliza kama yule mtu alikuwa tayari yuko chini ulipompiga tena.

Kwa wanawake na wasichana swali hili lina uzito mwingine, na hapa tafiti zimefika mbali kuliko ubishi wa vijiweni. Mwaka 2015 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa vyuo vikuu vya Canada uliohusisha karibu wanafunzi wa kike 900. Kundi moja lilipewa vipeperushi. Jingine lilifundishwa kwa saa 12. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 9.8 ya wale wa vipeperushi walikuwa wamebakwa, na asilimia 5.2 ya waliofundishwa.

Ni saa 12 tu. Hakuna anayepata hata mkanda wa njano kwa saa 12. Sehemu kubwa ya mafunzo yale haikuwa ngumi. Walifundishwa kutambua hatari mapema kwa mtu wanayemfahamu, kwa sababu mbakaji mara nyingi ni jirani, rafiki au ndugu; walifundishwa kukataa kwa sauti bila kuona haya; kisha mbinu chache za mwili za kujinasua. Mpango wa No Means No Worldwide, uliochipukia katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, unawafundisha wasichana kwa mtazamo wa namna hiyo: sauti kwanza, mikono baadaye. Klabu ya kawaida ya karate haifundishi hayo. Inafundisha kumkabili mgeni anayekurushia ngumi kutoka mbele, tukio ambalo kwa msichana wengi si hatari ya kwanza. Anayetafuta kujihami aulize moja kwa moja kama klabu ina darasa la namna hiyo. Na lawama ya ubakaji hubaki kwa mbakaji, awe aliyeshambuliwa amejifunza au hakujifunza.

Kuhusu uzito, kwa ufupi kwa wanaotaka kushindana: kujinyima maji na kukaa kwenye joto ili ushuke daraja la uzito kunaua. Wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa kwa njia hiyo ndani ya wiki chache mwishoni mwa 1997, na Desemba 2015 mpiganaji wa China, Yang Jian Bing, alifariki mjini Manila akiwa na umri wa miaka 21 baada ya kuishiwa maji mwilini kabla ya kupimwa uzito.

Swali lisiloulizwa: mnafundishaje kuanguka?

Mzazi anayemleta mtoto huuliza ada, ratiba na bei ya vazi. Mara chache sana huuliza mtoto atafundishwa vipi kuanguka na nini kitafanyika akiumia kichwa.

Japani, nyumbani kwa judo, ililazimika kulitazama swali hilo usoni. Profesa Uchida Ryo wa Chuo Kikuu cha Nagoya alikusanya kumbukumbu za ajali za shuleni na kuonyesha kwamba kuanzia 1983 hadi 2011 zaidi ya wanafunzi 100 wa sekondari walikuwa wamekufa kutokana na judo shuleni. Wengi walikufa kwa majeraha ya kichwa, na wengi walikuwa wa mwaka wa kwanza. Mbinu iliyojitokeza tena na tena ni osoto-gari: unamfyeka mwenzako mguu kwa nyuma naye anaanguka chali. Kwa anayejua kuanguka ni jambo la kila siku. Kwa mtoto wa wiki ya tatu, aliyechoka na anayerushwa na kaka mwenye kilo 30 zaidi yake, kichwa kinakwenda nyuma bila kizuizi.

Kichwa si lazima kigonge sakafu. Ubongo umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu, na kichwa kikizungushwa na kusimamishwa ghafla, wenyewe unaendelea kwenda. Mishipa midogo inayouunganisha na utando wa juu inavutika na kukatika, damu inavujia ndani ya fuvu na kuubana ubongo. Mtoto anaweza kunyanyuka, kusema yuko sawa, na kuzimia baadaye. Wapo waliokuwa wakilalamika kichwa kinauma siku kadhaa kabla ya ile iliyowamaliza.

Wazazi waliofiwa waliunda chama chao mwaka 2010, na sauti zao ziliongezeka serikali ilipoyafanya michezo ya jadi kama judo kuwa somo la lazima katika sekondari za chini mwaka 2012. Shirikisho la judo likatoa maelekezo mapya ya usalama, na vifo vikapungua sana. Jambo lililowauma Wajapani wengi ni kulinganishwa na Ufaransa. Nchi hiyo ina wanajudo wenye leseni wengi kuliko Japani, watoto wakiwa sehemu kubwa, lakini haikuwa na orodha ya vifo kama ile. Tangu 1955 sheria ya Ufaransa inamtaka mwalimu wa judo awe na diploma inayotambuliwa na serikali. Katika shule nyingi za Japani aliyesimamia klabu alikuwa mwalimu wa somo lolote, na kilichohesabiwa kuwa ukakamavu ni kuvumilia.

Fikra hiyo ya kuvumilia ndiyo iliyo karibu nasi pia. Mwanafunzi anaogopa kusema kichwa kinamuuma asije akaitwa legelege, na mwalimu aliyelelewa hivyo haoni tatizo. Ukitembelea klabu, kaa pembeni saa nzima bila kusema kitu. Tazama kama wapya wanatumia wiki zao za kwanza kuanguka kutoka kuchuchumaa, kisha kusimama, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani na mkono ukipiga jamvi. Tazama kama mdogo anapangwa na mdogo mwenzake. Tazama mtu akipiga kofi kuomba aachiwe, anaachiwa mara moja au mwenzake anangoja kidogo kwanza. Tazama sakafu: jamvi jembamba juu ya saruji linatosha kwa kata na halitoshi kwa kurushana.

Aliyegongwa au kurushwa vibaya akapata kizunguzungu, kusahau, kuona maluweluwe au maumivu ya kichwa, mazoezi yake ya siku hiyo yameisha, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akizimia, mboni za macho zikitofautiana ukubwa au maumivu yakizidi, apelekwe hospitali usiku huo huo na asiachwe alale ili "aamkie vizuri". Kurudi mazoezini baada ya hapo ni kwa hatua, daktari akiwa amemwona: mapumziko, halafu mwendo mwepesi, halafu mazoezi ya peke yake, na kurushana au kupigana ndiko kunakuja mwisho. Dalili zikirudi, anarudi hatua moja nyuma. Kwa mtoto hatua hizo huchukua muda mrefu kuliko kwa mtu mzima.